Fidla Iliyopasuka Dodoma: Uchambuzi wa Kisa cha Karakana Ndogo ya Tanga

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika karakana ya watu watatu iliyoko Ngamiani, mjini Tanga, ambako fundi mkuu ametengeneza samani kwa zaidi ya miaka 20 na kukarabati udi na fidla za vikundi vya taarabu kwa miaka kumi hivi. Majina ya wahusika, jina la kikundi na mwaka vimeondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Vipimo, aina za mbao, gundi na mfuatano wa matukio vimebaki kama vilivyo katika daftari la karakana, kwa sababu hivyo ndivyo vyenye faida kwa fundi mwingine. Mimi ninayeandika ni mmoja wa hao watatu, na mmoja kati ya uamuzi mbaya unaosimuliwa hapa ulikuwa wangu.

Fidla nyingi zinazopigwa katika vikundi vya taarabu vya pwani ni za kiwandani, zimeletwa kutoka ng'ambo, na zinapoharibika huangukia mikononi mwa maseremala ambao hawajawahi kuona ndani yake. Ndivyo sisi tulivyoingia katika kazi hii. Tulianza kwa kurudishia shingo zilizong'oka na kuchonga vigingi vipya vya kukazia nyuzi, tukajizoeza kupima kila fidla iliyofunguliwa mbele yetu, hadi daftari likawa na vipimo vya kutosha kututia moyo wa kutengeneza ya kwetu: kasha lenye urefu wa milimita 355, sehemu ya uzi inayotetemeka yenye urefu wa milimita 328 hivi, mbavu, yaani kuta za pembeni za kasha, zenye unene wa milimita moja na kimo cha milimita 30, uso wa karibu milimita 3, na mgongo ulio mnene zaidi katikati na unaopungua kuelekea kingoni.

Msomaji asiyeijua fidla anahitaji kulishika jambo moja kabla ya kuendelea. Uso, yaani ubao wa juu wenye matundu mawili ya sauti, ndio unaobeba daraja, na daraja ndilo linalobeba nyuzi nne ambazo mvuto wake kwa pamoja hupita kilo 20. Pamoja na mzigo huo, uso hauna msumari wala skurubu. Umeshikwa na gundi peke yake juu ya ukingo wa mbavu, ambao ndani yake huongezewa vifito vyembamba ili gundi ipate mahali pa kukaa, na upana wote wa mahali hapo hauzidi milimita tatu. Kisa hiki chote kinahusu mstari huo wa milimita tatu.

Oda na uchaguzi wa mbao

Mwezi Januari mpigaji fidla mkongwe, ambaye sote humwita Maalim, alituletea fidla yake ya kiwandani ikiwa imekatika shingo kwa mara ya tatu. Aliiweka juu ya benchi bila hata kuifungua mfuko.

"Hii nimekwisha kuizika, Fundi. Nitengenezee nyingine, iwe tayari kabla ya Agosti. Tuna safari za bara."

"Maalim, nzima sijapata kutengeneza. Nimekarabati tu."

"Basi utajifunzia kwangu. Mimi nitakuvumilia."

Kauli hiyo tuliikumbuka sana baadaye, kwa sababu alivumilia kweli. Tulikubaliana bei, akatoa nusu kuwa amana, na hatukuandikiana lolote kuhusu nani atabeba gharama endapo fidla ingeharibika.

Kwa desturi uso wa fidla huchongwa kwa sprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi, na mgongo, mbavu na shingo huchongwa kwa mepo, mti mgumu wa nchi hizo hizo. Kuagiza mbao hizo kungemaliza amana yote kabla randa haijagusa ubao, kwa hiyo tuliamua kutumia miti ya nchini. Mgongo, mbavu na shingo tulivitengeneza kwa mninga, ambao kila seremala wa Tanzania anajua kwamba ukishakauka hauchezi ovyo. Ubao wa vidole na vigingi vilikuwa vya mpingo, mti ule ule unaopelekwa Ulaya kutengenezewa klarineti. Kwa uso tulichukua saipresi iliyotoka Shume, kwenye mashamba ya miti ya Lushoto. Saipresi si sprusi, lakini si mgeni wa ala za muziki: Waitaliano wa zamani waliitumia sana kwa ubao wa sauti wa vinanda vyao vya hapsikodi.

Uso wa fidla huunganishwa kwa vipande viwili vinavyokutana katikati, na inatakiwa vyote viwili vipasuliwe kuelekea kiini cha mti, hivi kwamba ukiutazama ubao kwa upande wa kichwa chake unaona pete za umri zimesimama wima kama meno ya kitana. Kipande cha kushoto kilikuwa hivyo. Cha kulia, tulipokwisha kukipima, tuliona kina kifundo mahali ambapo tundu la sauti lingekatwa. Mimi ndiye niliyependekeza tuchukue kipande kutoka ubao wa pili, ambao rangi yake ilifanana kabisa na wa kwanza lakini pete zake zililala mshazari. Fundi alikishika, akakigeuza mara mbili, akaniuliza kama hakitacheza. Nilimjibu kwamba kitacheza kidogo tu. Sikuwa na kipimo chochote cha kuniruhusu kusema "kidogo". Nilitaka kazi iendelee.

Kufunga kasha wakati wa masika

Uchongaji wa uso na mgongo ulichukua Februari na Machi. Mbavu zilikunjwa juu ya bomba la moto na kufungwa kwenye kalibu mwezi Aprili, na Mei ilipofika kilichobaki kilikuwa kulifunga kasha, yaani kuugandisha uso juu ya mbavu. Masika ilikuwa imekolea. Kipima unyevu cha ukutani kilisoma kati ya asilimia 80 na 88 kwa wiki tatu mfululizo, randa zilikuwa zinaota kutu usiku mmoja, na mbao zote za karakana zilikuwa nzito mkononi.

Suala lililotushughulisha lilikuwa gundi. Watengenezaji wa fidla tangu zamani hutumia gundi ya ngozi, ile inayolowekwa katika maji baridi na kuyeyushwa kwa moto mdogo, sufuria ndani ya sufuria. Maseremala wa samani siku hizi hutumia gundi nyeupe ya kopo, iliyo tayari, yenye nguvu na isiyohitaji moto. Fundi alikuwa na sababu ya kuiogopa ya kwanza. Mwaka uliotangulia alikuwa amekarabati udi kwa gundi ya ngozi, na masika ilipoingia maungio yakaachia, mwenye udi akaurudisha mbele ya wateja wengine huku ameushika kwa mikono miwili kama anayebeba ndege aliyevunjika bawa. Aibu ile ilimkaa. Siku ya kulifunga kasha la Maalim aliandika katika daftari: "Gundi ya ngozi haifai pwani." Akafungua kopo la gundi nyeupe, tukapaka, tukaweka vibano 30 kuzunguka ukingo wote, na asubuhi yake kiungo kilikuwa kigumu na safi, pasipo mwanya hata wa kupitisha unywele.

Fidla ilikabidhiwa Julai. Maalim aliipiga kwa nusu saa bila kusema neno, kisha akasema sauti yake inakuja haraka, ila haina kifua. Aliichukua.

Dodoma

Yaliyotokea Septemba tuliyapata kwa Maalim mwenyewe. Kikundi kilialikwa kupiga Dodoma, mji ulio juu ya tambarare ya kati ambako mvua za mwaka hukoma karibu na Aprili na hazirudi hadi mwishoni mwa mwaka. Fidla ililala siku mbili ndani ya mfuko wake katika chumba cha nyumba ya wageni. Siku ya kwanza vigingi vililegea na nyuzi zikawa hazishiki, naye akavikandamiza ndani zaidi na kutia chaki. Siku ya pili aliona nyuzi zimeshuka kuukaribia ubao wa vidole kuliko kawaida, akadhani daraja limeinama, akalisimamisha. Zote hizo zilikuwa dalili za jambo moja, mti unaosinyaa, lakini hakukuwa na mtu wa kumweleza, wala sisi hatukuwa tumempa maelezo yoyote alipoichukua.

Jioni ya onyesho, akiwa nyuma ya jukwaa akikaza nyuzi za fidla, aliisikia ikilia mlio mmoja mkavu, kama kijiti cha kiberiti kinapovunjwa. Alipoipeleka kwenye mwanga aliuona ufa mwembamba unaoanzia kwenye ncha ya chini ya tundu la kulia na kushuka hadi ukingoni. Tulipoupima Tanga ulikuwa na urefu wa milimita 74. Usiku ule alipiga kwa fidla ya kuazima.

Kuifungua

Maalim aliirudisha wiki hiyo hiyo na ombi lililokuwa la haki kwa upande wake: tutie gundi ndani ya ufa, tuubane, kwa kuwa ana harusi baada ya wiki tatu. Njia ya pili ilikuwa kuufungua uso, kuurekebisha kwa ndani na kuufunga upya. Ya tatu ilikuwa kuutupa na kuchonga mwingine. Fundi alikataa ya kwanza papo hapo. Ufa ulikuwa umeachana kwa karibu nusu milimita, maana yake ubao ulikuwa bado unavutwa pande zote mbili, na kuziba ufa unaovutwa ni kuuhamisha tu, kwani mti utapasuka tena pembeni mwa gundi. Zaidi ya hayo, ufa wa namna hiyo unahitaji viraka vidogo kwa ndani, na mkono haupiti kwenye tundu la sauti. Ya tatu ilikuwa nje ya uwezo wetu kwa muda na kwa fedha. Tukachagua ya pili, na fundi akamwazima Maalim fidla ya kiwandani iliyokuwa ikingoja mwenyewe, baada ya kumpigia simu huyo mwenyewe na kumwomba ruhusa.

Hapo ndipo gundi nyeupe ilipotulipa. Fidla iliyofungwa kwa gundi ya ngozi hufunguliwa kwa kisu chembamba kisicho na makali sana: unatafuta mahali palipolegea, unakiingiza, unakisukuma polepole, na gundi inakatika kwa mlio mdogo mbele ya kisu, kwa kuwa ni dhaifu kuliko mti. Kazi hiyo tumeifanya mara nyingi kwa chini ya saa moja. Fidla ya Maalim ilituchukua siku nne. Tulipasha kisu moto, tukalainisha kiungo kwa maji ya vuguvugu yenye siki, tukasonga kwa upana wa ukucha, tukasubiri, tukasonga tena. Siku ya pili, kwenye pembe ya chini ya kulia, nilihisi kisu kimepata njia rahisi nikafurahi, kumbe kilikuwa kimeacha mstari wa gundi na kuingia ndani ya saipresi yenyewe. Kibanzi chenye urefu wa kidole kikabaki kimeganda juu ya ubavu. Hadi mwisho tulikuwa na majeraha matatu ya namna hiyo kwenye ukingo wa uso na ubavu mmoja uliochanika, yote yakiwa madhara ya kufungua na si ya Dodoma.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa utulivu. Tulikwangua gundi nyeupe yote hadi mti mtupu, kwa sababu gundi ya ngozi haishiki juu ya mabaki yake. Vibanzi vilirudishwa na penye upungufu tukapachika saipresi mpya. Ufa uligandishwa kwa gundi ya ngozi, na kwa ndani tukaweka viraka vitano vyenye unene wa milimita moja, mishipa yake ikikata mshazari mishipa ya uso ili ufa usiweze kuvipita.

Kipande cha kulia chenye pete za mshazari tulikiacha. Tulibishana kuhusu hilo, nami ndiye niliyetaka kitolewe, pengine kwa sababu ya hatia. Fundi alisema kwamba kosa la ubao linavumilika kama kiungo kitaruhusiwa kuachia, na kwamba tukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hatutajua lipi lililoponya.

Kabla ya kulifunga tena kasha, tulitafuta jibu la swali ambalo Mei hatukuliuliza: mbao hizi zina maji kiasi gani? Tulichukua kipande kilichobaki cha saipresi ile ile, tukakipeleka kwa jirani yetu mwokaji mikate, akakihifadhi kwenye tanuri lake lililokuwa linapoa, usiku baada ya usiku, hadi uzito wake ulipoacha kupungua. Mizani ya sonara ilisoma gramu 50 kamili. Kuanzia hapo kibao hicho kilikuwa shahidi wetu, kwa kuwa kila nusu gramu juu ya 50 ni asilimia moja ya unyevu. Tulitengeneza sanduku la mbao nyembamba lenye taa mbili za kawaida ndani, tukauweka humo uso, mbavu na kibao shahidi, na kungoja hadi kibao kiliposoma gramu 54.5, yaani asilimia 9. Siku hiyo tulilifunga kasha kwa gundi ya ngozi iliyozimuliwa, nyepesi makusudi, na hatukupaka ya pili.

Matokeo

Fidla ilirudi kwa Maalim mwishoni mwa Novemba. Hatukumtoza chochote. Masika iliyofuata uso ulivimba kama ilivyotarajiwa na nyuzi zikapanda kwa karibu milimita moja, naye akabadilisha daraja kwa la pili, fupi kidogo, ambalo tulikuwa tumemchongea na kumwekea mfukoni pamoja na karatasi ya maelezo. Mwezi huo kibao shahidi, kilichoning'inia karakanani muda wote, kilipimwa gramu 57.5, ambayo ni asilimia 15. Huo, kwa makadirio ya karibu kabisa tunayoweza kuyapata, ndio unyevu tulioufungia ndani ya fidla mara ya kwanza.

Septemba ya mwaka huo kikundi kilikwenda bara tena. Maalim alirudi na kuingia karakanani akicheka, akaigonga fidla mgongoni kwa kiungo cha kidole. Ilitoa mtetemo wa kukera, kama kifuniko kisichokaa vizuri. Upande wa chini kulia, uso ulikuwa umeachana na ubavu kwa urefu wa milimita 60 hivi. Mti ulikuwa mzima, na ule ufa wa zamani haukuongezeka hata kidogo. Tuliingiza gundi ya moto kwa bapa la kisu, tukaweka vibano vinne, na asubuhi yake akaichukua.

Uchambuzi

Kosa kubwa zaidi la kisa hiki lilifanyika kabla ya kisa chenyewe, siku ule udi uliporudishwa. Fundi aliona maungio yameachia na kuilaumu gundi, na sote tukakubali, kwa sababu aibu hutaka jibu la haraka. Baada ya Dodoma tulikaa tukakumbushana jinsi gundi ile ilivyopikwa. Ilikuwa imechemka hadi kutoa povu, ikapoa, ikapashwa moto tena kwa wiki nzima ili isipotee bure. Gundi ya ngozi hutakiwa kukaa karibu na nyuzi joto 60. Ikichemka, na ikirudiwa kupashwa mara nyingi, hupoteza nguvu yake kabisa ingawa kwa macho haionekani kubadilika. Kwa hiyo udi haukufunguka kwa sababu ya pwani peke yake. Ulifunguka kwa sababu ya sufuria yetu. Sentensi ile ya daftari, "Gundi ya ngozi haifai pwani", ilikuwa tafsiri mbaya ya tukio la kweli, na fidla ya Maalim ililipa gharama yake. Siku hizi tunapika kiasi cha siku moja kwa kipimajoto cha jikoni na kinachobaki kinamwagwa. Na tumegundua kwamba joto la Tanga lina msaada wake: gundi hii huganda inapopoa, na kwenye karakana yenye nyuzi joto 30 inabaki laini kwa muda wa kutosha kuweka vibano vyote bila papara, sharti tu visiondolewe kabla ya siku nzima kupita.

La pili linahusu nini hasa kilichoupasua uso. Mti husinyaa kwa upana na karibu hausinyai kwa urefu. Mbavu za fidla zimekunjwa kufuata urefu wa mishipa yake, kwa hiyo umbo la kasha halipungui hata mti ukauke vipi, ilhali uso, ambao upana wake chini unapita milimita 200, unataka kupungua. Kwa miti laini ya jamii hii, makadirio ya kawaida ni kwamba ubao wenye pete zilizosimama hupungua karibu sehemu 1.3 kwa elfu ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea, na ubao uliolala hupungua karibu mara mbili ya hapo. Kutoka asilimia 15 hadi 9, uso uliosimama wote ungetaka kupungua kwa milimita moja na nusu. Uso wetu ulitaka zaidi, na ziada hiyo ilikuwa upande wa kulia, upande wa kile kipande nilichokipendekeza mimi. Ufa ulitokea upande huo, kuanzia kwenye ncha ya tundu, mahali ambapo ubao tayari umekatwa na ni dhaifu. Sidhani kuwa ni bahati mbaya.

Hata hivyo siamini kwamba kipande kile peke yake kingetosha kuipasua fidla. Safari ya pili ya bara inatupa ushahidi mzuri kuliko hoja yoyote ninayoweza kuijenga, kwa kuwa uso ulikuwa ule ule, kipande kile kile cha mshazari, ukavu ule ule, na kilichoachia kilikuwa kiungo. Sharti moja linapaswa kukiriwa: mara ya pili kasha lilifungwa likiwa kavu zaidi, kwa hiyo mvutano nao ulikuwa mdogo. Siwezi kuitenganisha kabisa kazi ya gundi na kazi ya lile sanduku la taa. Lakini mvutano ulikuwepo, kwa maana ulikifungua kiungo kwa milimita 60, na ulipotafuta pa kutokea ulipata mlango badala ya kuuvunja ukuta.

Hapa nataka kusema jambo kwa maseremala wenzangu wa samani, kwa sababu ndilo gumu kulikubali kwetu. Tumefundishwa kwamba kiungo bora ni kile ambacho mbao itavunjika kabla yake, na kwa kitanda na kabati ni kweli. Kwa fidla ni kinyume. Uso lazima uweze kutoka bila kudhurika, leo na baada ya miaka mia. Antonio Stradivari wa Cremona alifariki mwaka 1737, na karibu fidla zake zote zilizobaki zimekwisha kufunguliwa, boriti ya ndani ikabadilishwa kwa kubwa zaidi na shingo ikarekebishwa kwa mahitaji ya wapigaji wa karne zilizofuata. Zisingalikuwapo kama zingalifungwa kwa gundi isiyoachia. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanalielewa hili kuliko sisi: hawategemei mbao zisicheze, bali huacha nafasi ya kalafati, yaani pamba ya kuzibia, kati ya mbao na mbao, na jahazi lililopandishwa nchi kavu miezi mingi hawalihukumu kwa kuvuja siku ya kwanza linaporudi majini.

Katika yaliyofanywa vyema naweka mbele uamuzi wa kukataa kuziba ufa kwa nje. Ulikuwa uamuzi mgumu, mbele ya mzee tunayemheshimu na mwenye haraka ya haki, na kuazimwa kwa ile fidla nyingine ndiko kulikomwezesha kutuvumilia bila kupoteza harusi yake. Mninga nao ulithibitisha sifa yake: mgongo, uliogandishwa kwa gundi nyeupe ile ile na hatukuwahi kuufungua, haujaonyesha dalili yoyote. Bado naufikiria mgongo huo kila fidla inapoletwa, kwani siku utakapohitaji kufunguliwa tutarudi kwenye siku zetu nne. Kuhusu makubaliano ya gharama, tulipaswa kuandikiana tangu mwanzo, na sasa tunaandikiana.

Karatasi ya maelezo ilistahili kuwepo tangu Julai ile. Vigingi kulegea na nyuzi kushuka zilikuwa siku mbili nzima za onyo. Kama Maalim angejua kulegeza nyuzi zote nusu mzunguko na kuweka kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa fidla, pengine ubao ungepona hata na gundi yetu mbaya.

Suala la sauti halijatatuliwa. Maalim hukaza nyuzi za fidla kwa mtindo wa Kiarabu, G, D, G, D, badala ya G, D, A, E, kwa hiyo nyuzi mbili za juu huwa na mvuto mdogo, na bado nyuzi za chini hazina kifua anachokitaka. Fundi anashuku uso ni mnene mno upande wa kushoto. Mimi nashuku uzito wa mninga, kwani fidla hii hufika gramu 510 ilhali nyingi tulizozipima ziko chini ya 480. Fidla ya pili, ambayo tayari ina mteja, ina mgongo mwembamba zaidi na uso uliotoka ubao mmoja, pete zote zikiwa zimesimama. Ilikuwa ifungwe wiki hii. Leo asubuhi kibao shahidi kimesoma gramu 57, kwa hiyo kasha liko wazi bado juu ya kalibu yake, na taa za sanduku zimewashwa.